Kitako cha Mti wa Jozi

Fundi Inokuma Tatsuo alikuwa mtu wa kuaminiwa, na hilo ndilo lililomponza. Katika mji wao mdogo mkoani Chiba, Japani, ambako alichonga milango ya kusukuma na makabati tangu ujana wake, hakuna aliyewahi kumsikia akikana kosa lake. Mlango ukikwama, alikuja na randa yake kabla hujamaliza kulalamika. Na katika kundi la Nungunungu, watu wazima na akili zao wanaokwenda msituni Jumapili kulengana kwa bunduki za mchezo, imani hiyo ilikuwa imekomaa zaidi.

Mchezo wenyewe unamtegemea aliyepigwa. Punje ya plastiki inakugonga, inaanguka kwenye majani, haiachi rangi wala damu. Aliyekulenga yuko mbali, mwamuzi hawezi kuona kila kichaka, basi anayejua kwa hakika ni wewe mwenyewe. Unanyoosha mkono, unapaza sauti "Nimepigwa!", unatoka. Asiyetoka wanamwita msukule, maana ameshakufa na bado anazurura, na ukishapewa jina hilo ni afadhali ukatafute starehe nyingine, uvuvi wa mtoni kwa mfano.

Inokuma ndiye aliyesimama mbele ya wenzake kila asubuhi kuwakumbusha kanuni, kofia mkononi. Punje ikigusa nguo, umepigwa. Ikigusa mkoba, umepigwa. Ikigusa bunduki yako, umepigwa vilevile. Yeye alikuwa akitoka hata kwa punje iliyogonga tawi kwanza ikamdondokea begani, jambo ambalo kanuni haikumdai. Wenzake walimtania kwamba siku moja atatoka kwa kuumwa na mbu.

Majira yale ya baridi alikuwa ameamua kuachana na kitako cha plastiki cha bunduki yake. Kilimchukiza. Mtu anayeishi kwa mbao, akaweke shavu lake kwenye plastiki? Ubao aliopewa na kaka yake, wa mti wa jozi uzaao kokwa za kula, ulikuwa darini, umekauka vizuri, una mistari ya kahawia inayopinda kama maji ya kijito. Fundi mwenzake alimshauri atumie mti mgumu zaidi, kwa sababu jozi ya kwao ni laini, ukiuangushia bisibisi unabonyea. Inokuma akasema anataka rangi ile, na mjadala ukaishia hapo.

Kazi ngumu ilikuwa ndani. Bunduki ya mchezo ina mota tumboni, nyaya na betri, na mbao lazima ichimbwe ifuate kila pembe ya chuma bila kulegea. Alipaka chuma rangi ya mdomo ya mkewe, akakikandamiza kwenye mbao, akakitoa, kisha akakwangua kwa patasi palipobaki wekundu. Akapaka tena, akakwangua tena. Mkewe Fusae alipokuta rangi yake imebaki kisiki, aliingia karakana akamuuliza kama ana mwanamke mwingine. Inokuma akamwonyesha kile kitako kilichobanwa kwenye jiriwa.

"Ndiye huyo."

"Heri huyo," Fusae akasema. "Hali wali wangu."

Kilipokwisha alikisugua mafuta kwa kiganja, jioni baada ya jioni, mpaka mbao ikang'aa kwa ndani. Kilimkaa shavuni kama kilizaliwa naye. Alijivuna, na tuseme ukweli, alikuwa na haki ya kujivuna.

Siku ya kukitoa hadharani walikuwa na wageni, kundi la mji wa jirani. Bunduki ilizunguka mikononi mwa watu, wakiigeuza na kuinusa. Kiongozi wa wageni, muuza matairi mmoja mwenye sauti kubwa aitwaye Hirukawa, aliipokea, akaipima uzito, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Fundi, hii ni bunduki au ni mguu wa kabati?" Watu wakaangua kicheko. Inokuma naye alicheka, lakini kilimchoma. Alijiapiza kimoyomoyo kwamba kabla ya chakula cha mchana mguu huo wa kabati utamfunga mtu mdomo.

Wakapiga kura kugawa pande. Sonobe Chizuru, mwanamke wa makamo anayepika katika nyumba ya wazee, alipata utepe wa manjano akaangukia upande wa Hirukawa. Alikuwa mpya katika Nungunungu, amejiunga mwaka huohuo, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akipisha njia. Kulenga alikuwa anajua.

Mchezo wa mwisho wa asubuhi ulikuwa wa kuteka honi ya adui. Anayeibonyeza amewashindia wenzake. Muda ukiwa ukingoni, Inokuma alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la mafuta, honi iko hatua chache mbele yake, na mlinzi wake amegeukia upande mwingine. Akachungulia pembeni ya pipa, shavu kwenye mbao. Punje moja kutoka kwenye rundo la matairi ikapita juu ya kofia yake. Ya pili ikagonga pipa. Kukawa kimya kidogo. Ya tatu ikalia tak, na ule mlio hakuusikia kwa masikio tu, aliupata kwenye taya, kupitia mbao aliyoichonga mwenyewe ikabana kabisa na mfupa wake.

Mkono haukunyanyuka.

Hilo ndilo lililotokea, na baadaye alijaribu kulipa majina mengi: bumbuwazi, uzee, tawi. Lakini mkono wake ulikuwa mzima, nao ulibaki kwenye bunduki. Miguu yake ikamtoa nyuma ya pipa, ikampeleka mpaka kwenye honi, akaibonyeza. Upande wake ukashangilia, na Hirukawa, kusema haki yake, akavua kofia.

Walipokuwa wakirudi kwenye meza, Sonobe alimsogelea. Hakuwa na hasira. Alikuwa na wasiwasi wa mtu anayetaka kujua kama amejifunza sawasawa.

"Fundi, samahani. Nadhani nilipiga bunduki yako pale kwenye pipa."

Kila mtu alisimama. Pale msituni kuna kosa moja linalokaribia usukule wenyewe, nalo ni kumwambia mtu usoni kwamba umempiga. Ukiwa na shaka unakwenda kwa mwamuzi, unamnong'oneza, yeye anawakumbusha watu wote kwa jumla, hakuna anayetajwa. Sonobe alikuwa ameambiwa hivyo, ila alisahau, au labda alimwamini Inokuma kiasi cha kuona kwamba kwake hapahitajiki mzunguko.

Inokuma angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, watu wangecheka, ushindi ungefutwa, wangekula.

"Labda ulisikia pipa," akasema.

Basi wakamshukia yule mama. Si kwa kelele. Kwa sauti ya chini, jambo ambalo ni baya zaidi. Mmoja akamwambia kwamba Fundi akisema hakupigwa, hakupigwa. Mwingine akamuuliza kama anajua amemwita nani msukule. Sonobe akawa mwekundu mpaka shingoni. Akasimama mbele ya Inokuma, mikono ubavuni, akainama kwa kina, akabaki ameinama, akisema anaomba radhi kwa kumkosea heshima mbele za watu.

Inokuma alikuwa akikitazama kisogo chake, nywele zimelowa jasho chini ya mkanda wa miwani.

"Usijali," akasema.

Aliomba radhi yule aliyepiga, na aliyepigwa akamsamehe. Wali wa mchuzi wa mchana ule Inokuma hakuumaliza.

Alikwenda kwenye gari peke yake akaiangalia bunduki. Upande wa kushoto, chini kidogo ya mahali pa shavu, palikuwa na kibonyeo cha duara, kidogo, safi. Tawi halibonyezi duara. Watu walipomfuata wapige picha na bunduki ya ushindi alisema mafuta hayajakauka vizuri, akaifunga kwa taulo.

Nyumbani alifanya kile ambacho fundi yeyote wa mbao angefanya. Mbao iliyokatwa haiponi, lakini iliyobonyea tu nyuzi zake zimelala, na ukizinywesha maji na moto zinaamka. Aliweka kitambaa kibichi juu ya kibonyeo, akagusa kwa ncha ya pasi, mvuke ukalia. Akarudia. Akasugua kwa msasa laini, akatia mafuta kwa kiganja. Palirudi kama palivyokuwa. Alipitisha kidole, hakuona kitu, na kwa usiku mmoja alilala vizuri.

Ajabu ya aibu ni kwamba haikuhitaji alama. Jumapili iliyofuata alisimama na kofia yake kusoma kanuni, na alipofika kwenye bunduki akakatiza, akakohoa. Watu walidhani ni mafua. Sonobe alikuwa nyuma kabisa, anatikisa kichwa kukubali kila neno.

Lakini Sonobe naye alikuwa amebadilika. Alianza kutoka kwa kila kitu. Jani likimgusa, "Nimepigwa!" Punje ikipita mbali, mkono juu. Na yeye akimpiga mtu, mtu mwenyewe akatoka kwa hiari yake, alikuwa anamfuata kumuuliza kama ana hakika. Wenzake waliona ni kichekesho, wakampa jina la Mama Nimepigwa. Inokuma hakucheka hata mara moja, na wengi walimsifu kwa ustaarabu huo.

Mvua za Juni zilipoanza, Sonobe alikuja karakana. Alivaa nguo za kutokea, na mkononi alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Fusae alimkaribisha, akaenda kuandaa chai. Sonobe akafungua kitambaa, akatoa sanduku la vitumbua vya maharage matamu, la duka zuri, akaligeuza lielekee kwa Inokuma, akalisukuma kwa mikono miwili juu ya meza.

Alisema amekuja kuomba radhi tena, maana siku ile aliomba kwa haraka. Na amekuja kuaga.

"Nilikwenda kupima macho," akasema. "Daktari kasema ni mazima kabisa, bora kuliko ya rika langu. Sasa Fundi, kama macho ni mazima na mimi niliona kitu ambacho hakikuwepo, basi kasoro ni ya roho. Nilitaka kushinda mpaka nikamwonea mtu. Sipendi kujijua hivyo."

Inokuma aliinuka, akaishusha bunduki ukutani.

"Sonobe-san, ulinipiga."

Mwanamke akatabasamu kwa huzuni. "Usinibembeleze, Fundi. Wewe ni mwema mno."

"Sikubembelezi. Ulinipiga hapa." Akamwonyesha.

Sonobe akainama, akapitisha kidole juu ya mbao, taratibu, huku na huku. Hapakuwa na kitu. Kazi ya Inokuma haikuacha dosari.

"Hapa ni laini kabisa," akasema. "Asante kwa kujaribu. Nitakumbuka moyo wako."

Hapo ndipo Inokuma alipoona alichokifanya. Jina lake jema lilikuwa limesimama mlangoni na halimruhusu kupita, hata akiwa na ukweli. Angeweza kuliacha lisimame. Yule mama angerudi nyumbani na roho aliyoambiwa ni mbovu, na sifa za Fundi zingeongezeka. Akaona aibu iliyompita kimo.

"Ulikuwa nyuma ya matairi," akasema, macho chini. "Punje ya kwanza ilipita juu ya kofia yangu. Ya pili iligonga pipa. Kisha ukanyamaza. Nadhani ulishusha mtutu kidogo. Ya tatu iligonga mbao, na mimi shavu langu lilikuwa juu yake. Kilibaki kibonyeo. Nikakitoa kwa pasi."

Sonobe akainua macho. Jambo la kunyamaza na kushusha mtutu hakuwa amemweleza mtu yeyote, nani angemuuliza? Tabasamu lilimtoka usoni polepole. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Na nilipokuinamia?" akauliza. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukasema usijali."

"Nilisema."

Sonobe aliutazama uso wake. Kisha akanyoosha mikono yake miwili, akalivuta lile sanduku la vitumbua kurudi upande wake wa meza. Akalikalisha katikati ya kitambaa cha zambarau, akakunja pembe moja, akakunja ya pili, akafunga fundo vizuri kama alivyokuja nalo. Akasimama.

"Jumapili nitakuja kucheza," akasema. "Nitasimama mbele kabisa, nikusikie ukisoma kanuni."

Akatoka bila kuinama.

Fusae aliingia na sinia la chai, vikombe viwili na visahani vitupu vya vitumbua, kwa maana alikuwa amekiona kifurushi mlangoni. Akaitazama meza tupu, akautazama mlango. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mgeni akirudi na zawadi yake. Akabaki amesimama, chai inapoa mikononi.

"Baba," akasema, "umemfanya nini yule mama?"

Inokuma akaweka bunduki chini, akaanza kumweleza, na Fusae hakuketi mpaka alipomaliza.