Wavuna Asali wa Lurambi

Pascalia Nabwire alikuwa ameshapiga pasi mkono mmoja wa blauzi nyeupe, huku akijihoji mwenyewe kwa sauti ya chini kama mtu aliyerogwa. "Asante kwa swali lako, Daktari. Foleni katika huduma za umma ni ahadi kati ya serikali na raia..." Jogoo wa mama mkwe wake alikuwa amemwamsha alfajiri, kama desturi. Katika boma lile jogoo ndiye aliyekuwa mwalimu wa zamu: akiwika, Pascalia anawasha koroboi na kusoma hadi wakati wa kwenda kazini. Leo ndiyo leo. Mchana angesimama mbele ya jopo chuoni, Kakamega, aitetee tasnifu yake ya shahada ya uzamili katika utawala wa umma.

Kitu cheusi kikatua kwenye kola. Akailaumu pasi ya makaa, akakipuliza. Kikavunjika, kikaacha mstari. Kikatua kingine, kisha vingine vingi, vinateremka taratibu kutoka dirishani.

Alipotoka nje alisikia ule mlio wa bisi sufuriani, ila sufuria yenyewe ilikuwa ukubwa wa shamba. Miwa ya nyuma ya jiko ilikuwa ikiungua. Majirani walikuwa wamejipanga mpakani na matawi mabichi, wakiupiga moto usivuke, na wala hakuna aliyekuwa akipiga mayowe. Mama Khalayi, mama mkwe wake na mwenye miwa, alisimama kando kwa utulivu wa mtu anayengoja chai ichemke.

"Mama! Nani amewasha?"

"Moto."

"Moto umewashwa na moto?"

"Sasa msomi ni wewe, unauliza mimi?"

Ilikuwa miaka ile sukari ilipopanda, Lurambi nzima ikapandwa na wazimu. Watu waling'oa mihogo, wakakata migomba, wakakata na miti, wakapanda miwa hadi mlangoni. Ukienda choo majani yanakupangusa uso. Mjini baa zilifunguliwa kama makanisa. Unga nao ukawa wa kununua, mahindi yanatoka Kitale, na gorogoro, lile kopo la kupimia, ilikuwa ile ile ila bei yake ilikua kama mtoto wa jirani: hujageuka, kashakupita kimo.

Lakini kiwanda kilikuwa kimoja. Mashamba yalingoja zamu ya kukatiwa, na zamu haikufika. Ila foleni hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma. Miwa ikiungua hukatwa kwanza, kwa kuwa ikikaa siku chache hukauka ikawa kuni. Basi watu wa Lurambi wakaingiwa na bahati mbaya ya moto, bahati mbaya iliyowafuata hasa wale ambao miwa yao imepitiliza.

Mama Khalayi alikuwa wa mwisho kijijini kungoja, na aliyemngojesha ni Pascalia. "Foleni ni haki, Mama," alikuwa akimwambia. "Tukiivunja sisi, tutamlaumu nani?" Miwa ikakomaa, ikapitiliza, ikatoa maua.

"Jumapili si umenisomea kwa kitabu chako?" alisema Mama Khalayi, akijipangusa masizi kwa pindo la leso. "Ati wenye kuchoma wanakatiwanga kwanza, wenye kungoja wanangojanga mpaka miwa inaota ndevu. Nikasema, haya, kama hata chuo kinajua, mimi nangoja nini?"

"Mama, pale nilikuwa nalalamika! Sikuwa nafundisha!"

"Basi umefundisha vizuri." Mama mkwe akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na ile karo yako ya mwisho, Mama Alice, ulidhani itatoka wapi? Kwa maua ya miwa?"

Kwa baba yake Alice, binti wa Pascalia, isingetoka. Were, mumewe, alikuwa dereva wa lori la mtu huko Eldoret na alituma salamu zaidi kuliko alivyotuma pesa. Na digrii hiyo ya pili haikuwa pambo. Ofisini mjini, Pascalia alikuwa kaimu mkuu wa masjala mwaka wa saba sasa. Ukaimu ni kama ndoa isiyotolewa mahari: kazi yote ni yako, jina si lako. Hatimaye nafasi ilikuwa imetangazwa, nayo ilidai shahada ya uzamili au barua ya chuo kwamba umepita. Mlango ungefungwa Ijumaa.

Kwa sasa, hata hivyo, miwa iliyoungua haikujua Ijumaa. Kiwanda kilikuwa kimeweka sharti: hakipokei miwa ya moto bila barua ya chifu kwamba moto huo ulikuwa ajali. Pascalia akaiacha blauzi, akaenda kwa chifu.

Chifu Shikanga alimpokea mlangoni. "Mulembe, Mama Alice. Moshi wako umekutangulia, umenisalimia tangu saa kumi na mbili. Karibu, keti."

"Mulembe, chifu. Ni miwa ya mama."

"Pole sana." Akachukua kalamu. "Ajali gani?" aliuliza, kama mwenye hoteli anayeuliza chai au uji. "Sigara?"

"Mama havuti."

"Mpita njia basi. Hapana, ngoja, sigara nimeitumia sana mwezi huu. Watasema lokesheni yangu yote inavuta. Jiko?"

"Upepo ulikuwa unatoka upande mwingine."

"Unaona shida za kuwa na elimu? Mwingine angesema jiko akaenda." Akaitafuna ncha ya kalamu. "Tuandike wavuna asali. Walikuwa wanafukuza nyuki na moshi, moto ukawashinda. Hao hawana jina, hawana kitambulisho, hakuna wa kuwaita."

Pascalia alikuwa ameandika kurasa tele kuhusu uadilifu wa watumishi wa umma. Aliitazama kalamu ile. "Andika, chifu."

Chifu akaandika, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akausimamisha hewani juu ya karatasi. "Muhuri huu una tabia moja. Ukikosa ingokho unakauka."

"Mama ana jogoo mmoja tu."

"Mmoja anatosha. Mimi si mlafi."

Muhuri ukashuka. Pascalia akaipeleka barua kwenye kibanda cha kiwanda pale Lurambi, akabaki na nakala mkobani, akarudi nyumbani mbio kuvaa. Ule mstari wa kolani ulikuwa umegoma kutoka kwa sabuni. Akauficha kwa sweta, jua likiwa kali hivyo, akaenda kuwa msomi.

Chuoni walimkalisha kwenye benchi hadi mgongo ukafa ganzi. Dakta Kageha, mwalimu aliyemsimamia utafiti, alitokea akihema, akamvuta pembeni.

"Nisikilize, dada yangu. Mtahini wa nje ni Dakta Maina. Huyo ndiye huwaandikia watu wa sukari ripoti zao. Usibishane naye. Akisema usiku, wewe tafuta taa."

"Hata kama ni mchana?"

"Hasa kama ni mchana. Na hilo sweta vipi, unaumwa?"

"Niko sawa, Dakta."

Jopo lilikuwa la watu watatu: mwenyekiti, Dakta Kageha, na Dakta Maina, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Pascalia alieleza kazi yake bila kutazama karatasi. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Dakta Maina akafungua kurasa alizokunja pembe.

"Kazi nzuri, Bi Nabwire. Kiswahili chetu husema mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo nikwambie: ugonjwa uko sura ya nne. Unasema wakulima huchoma miwa yao wenyewe. Mtu achome mali yake? Kwa akili gani?"

"Kwa akili ya foleni, Daktari."

Mwenyekiti alicheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

"Nani alikwambia?"

"Wakulima. Niliwaahidi sitawataja."

"Basi ni umbeya wa mtoni." Hakusema kwa ubaya, ndivyo ilivyouma. "Mimi nimesoma barua za machifu, tarafa nzima. Kila moto una barua. Kila barua ina muhuri. Hakuna hata moja inayosema mtu alichoma. Serikali inasema ajali. Wewe unasimama wapi kuipinga?"

Pascalia alihisi jasho likishuka ndani ya sweta. Nakala ya barua ilikuwa mkobani, mkoba uko mapajani.

"Nikurahisishie," alisema Dakta Maina. "Nitajie mmoja. Mmoja tu, aliye hai, ninayeweza kumtembelea. Nami naipitisha sura hii sasa hivi."

Huyo mmoja alikuwepo. Wakati huu alikuwa amesimama katikati ya majivu yake, macho barabarani, anasikiliza kama kuna trekta. Ukimtaja, sura ya nne inasimama na barua ya chifu inaanguka. Miwa inaoza shambani, na askari wanamfuata mwanamke wa umri ule kumuuliza kiberiti kiko wapi. Usipomtaja, kazi yote ya alfajiri zote ni umbeya wa mtoni. Pascalia alizitazama kucha zake. Zilikuwa na weusi ambao maji ya haraka hayakuutoa. Ng'ambo ya meza, Dakta Kageha alikuwa akimtikisia kichwa, kidogo sana.

"Sina, Daktari."

"Nilijua," alisema yule mtu, karibu kwa huruma. "Lakini usife moyo. Kuna jambo zuri ambalo hukuligusa. Barua za siku hizi zinaonyesha wavuna asali wamekuwa tatizo kubwa huku kwenu. Chunguza hao. Hakuna mtu aliyewahi kuandika juu yao."

Walimtoa nje, wakamrudisha ndani, wakampa uamuzi: sura ya nne ifutwe yote, utafiti wa mashambani urudiwe, ajisajili upya mwaka ujao. Wakampa mkono mmoja mmoja.

"Hujaanguka," Dakta Kageha alimwambia kwenye ngazi. "Umeahirishwa tu."

"Ofisini wananiahirisha mwaka wa saba huu, Dakta. Nimekuwa fundi."

Alijua Ijumaa itakavyopita. Atakuja mtu mwenye karatasi, kijana mwenye tai, na Pascalia atamwonyesha funguo za makabati zinakokaa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika nyumbani. Shamba lilikuwa jeusi, miwa imesimama uchi, bila jani hata moja. Mama Khalayi alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Wamekuja?" Pascalia aliuliza.

"Amekuja mmoja, na pikipiki. Amesoma barua, amecheka. Akasema kuna foleni."

"Foleni gani tena? Si imeungua?"

"Foleni ya walioungua." Mama Khalayi alitema mate kwenye majivu. "Lurambi yote imeungua, Mama Alice. Ukichoma unangoja, usipochoma unangoja. Ameangalia hii akasema, mpaka wafike, itakuwa kuni." Akamgeukia. "Na wewe? Wamekupitisha?"

"Wamesema nitoe ile sehemu niliyokusomea. Wamesema hakuna mtu huchoma miwa yake mwenyewe."

Mama mkwe alimtazama, akalitazama shamba, akamtazama tena.

"Hakuna?"

"Hakuna. Wamesema ni wavuna asali."

"Asali?" Sasa alicheka kwa kweli, hadi akashika mbavu. "Nyuki wa mwisho hapa alihama siku tuliyokata miti tupande miwa! Wewe ulimwona nyuki gani?" Kicheko kikaisha taratibu. Akainama, akachota majivu kiganjani, akamnyooshea mkwewe. "Sasa haya ni ya nani?"

Pascalia aliuweka mkoba chini. Alivua sweta, akavua na viatu, akaenda nyuma ya jiko. Jogoo alikuwa ameshapanda kwenye fito zake, amejikunja kulala. Alimshika bila shida, akarudi naye uani chini ya kwapa, na yule ndege akatoa sauti moja tu ya kulalamika.

"Ni wa chifu?" Mama Khalayi aliuliza.

"Ni wa chifu. Muhuri umekauka."

"Na kesho nani atakuamsha usome?"

Pascalia alichomoa uzi wa katani kwenye gunia, akamfunga jogoo miguu, akavuta fundo likakaza.

"Kwani kesho naamkia nini, Mama?"