Tuuze Uhuru Wetu

Afisa wa sherehe za Uhuru aliingia karakana yetu ya mabango bila hodi, tumbo likitangulia, akatupa karatasi mezani. "Bango la mita kumi. Kesho alfajiri liwe limetundikwa uwanjani."

Nikasoma: TUUZE UHURU WETU.

"Mheshimiwa," nikasema, "ulitaka kusema tuuenzi, sivyo? Hapa umeandika tuuze. Yaani tuupeleke sokoni."

Lo! Nilijitakia.

"Unifundishe Kiswahili wewe, uliyezaliwa jana? Vijana nyie uhuru mmeukuta mezani, mnajilia tu! Andika kama ilivyo!"

Mjomba, mwenye karakana, akanikanyaga mguu chini ya meza. "Ataandika, mheshimiwa. Ataandika." Ndivyo alivyo mjomba wangu. Mtu mwenye tai akipiga chafya, yeye ndiye anayeomba radhi.

Haya, nikaandika kama ilivyo. Herufi nyekundu, zimenyooka, maana kazi ni kazi.

Kesho yake watoto wa shule wakapangwa mistari mbele ya bango, wakalisoma kwa sauti moja. Si ndivyo walivyofundishwa, kusoma chochote kilicho mbele yao? Uwanja mzima ukaangua kicheko. Waziri, mgeni rasmi, alikuwa amebakiza saa moja tu kufika.

Afisa akatujia mbio, jasho chapachapa, nyuma yake mgambo wawili wamebeba bango langu limekunjwa kama godoro. Mkononi alikuwa na barua iliyokwisha kuchapwa: eti mimi, kijana nisiyethamini uhuru, nimelidhihaki taifa kwa makusudi.

"Tia sahihi," akasema. "La sivyo karakana hii naifunga leo hii."

Mjomba akanisukumia kalamu. "Mwanangu, weka sahihi yaishe. Tutakula wapi?"

Kusema kweli niliipokea kalamu. Karakana hii ndiyo iliyonilea tangu mama yangu afariki. Lakini hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Zuzu huyu, neno moja tu limemshinda, leo anataka nikiri kwa mkono wangu kwamba uhuru siuthamini! Mimi uhuru wenyewe ninao kidogo tu, wa kusema ndiyo au hapana. Nao huo auchukue? Thubutu!

"Uongo siutii sahihi," nikasema.

"Mgambo!"

Mgambo wakatazamana. Mmoja akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Afisa akaangalia saa yake, akaliangalia bango, akaiangalia ndoo ya rangi. Kisha akanisogelea, sauti imeshuka mpaka chini kabisa.

"Hiyo... tuuenzi. Inaandikwaje?"

Nilimtazama kuanzia viatu hadi kipara. Na huyu ndiye mlinzi wa uhuru wetu!

"Chana barua kwanza."

Akaichana vipande vinne, akavitupa sakafuni. Nikalitandaza bango, nikachovya brashi kwenye rangi nyeupe, nikaanza kufuta lile neno lake la aibu.

Mjomba akapiga magoti kuviokota vile vipande. Akamwinulia uso yule afisa. "Asante, mheshimiwa. Asante sana."

"Asante ya nini, Mjomba?" nikamuuliza.

Akanyoosha mkono kuokota kipande cha mwisho. Mzee wa watu, alikuwa bado amepiga magoti.