Bibi wa Nyumba ya Saba

Foleni ya kuingia mji wa zamani ilikuwa haisogei, na Bosi alikuwa ameshanuna tangu kwenye basi. Alikuwa na miaka kumi na mitano, viatu vipya vilikuwa vinamchubua kisigino, na kama kuna kitu alichokichukia duniani basi ni kuamshwa alfajiri ili akaangalie kuta. Jina la Bosi alipewa na mdogo wake kwa sababu ya kupenda kutoa amri. Mdogo mtu mwenyewe, wa miaka kumi na mmoja, walimwita Profesa, na tangu washuke alikuwa ameuliza maswali mpaka mama yao, mshonaji aliyezoea kufanya kazi na pini mdomoni, akawa anamjibu kwa nyusi.

"Kwani tumekuja kuangalia nini?" Bosi akauliza.

"Hatukuja kuangalia. Tumekuja kumchukua bibi yenu."

"Si alikufa?"

"Alikufa, ndiyo. Kuna mtu amesema hakufa?"

Foleni ikasogea kidogo.

Mambo yalikuwa hivi. Mshonaji alizaliwa humo, nyumba ya saba kutoka kisimani. Siku moja wakubwa wa mji wakatangaza kwamba kuta zimechoka, watu wapishe ukarabati, plasta ikikauka watarudi. Watu wakapisha, wengi wao kwa kusukumwa na askari. Ukarabati ukaisha, mji ukapakwa chokaa ukapendeza kweli kweli, lango likawekwa, na waliopisha wakaambiwa wakitaka kuingia wakate tiketi kama watu wengine. Bibi alifia kwenye vibanda vya mabati walikopelekwa. Walimzika vizuri tu, na juma lile lile mji ulipofunguliwa kwa wageni akaonekana jikoni kwake akichambua maharage. Wengine nao walirudi: fundi viatu, mwalimu wa chekechea, mama mmoja mgomvi wa nyumba ya tatu. Wageni waliwapenda sana.

Sasa mshonaji alikuwa amejenga chumba cha pili na kutandika kitanda. Ilimuuma kuona mama yake anakodolewa macho kutwa nzima, na alikuwa ameapa kwamba leo harudi bila yeye.

Nyumba ya saba ilikuwa na kamba imefungwa mlangoni pa jikoni. Nyuma ya kamba palikuwa na meko, ndoo, kiti kimoja, na kitini Bibi na sinia lake la maharage. Mwongozaji, kijana mpole mwenye kipaza sauti kiunoni, alikuwa anawaeleza wageni.

"Huyu ni mkazi wa enzi zile. Tafadhali msimguse. Wakazi walihama kwa hiari yao, wakapewa makazi bora."

"Hiari ya nani?" Bibi akasema, bila kuinua macho. Hakuna mgeni aliyegeuka. Walio nyuma ya kamba husikiwa na ndugu zao tu, na mwongozaji, kwa vile kazi yake ndiyo ile.

Wageni walipotoka, watoto wakasogea. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmechelewa. Mmekula?" Akamwangalia binti yake kuanzia juu mpaka chini. "Umekonda wewe. Na huyu mrembo mbona amefura, nani amemchokoza?"

"Viatu," Bosi akasema.

"Vivue basi. Hapa ni kwenu."

Bosi akavivua. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kufanya alichoambiwa.

Mshonaji akamweleza mwongozaji shida yake. Kijana akajikuna kichwa. "Kutoka anaweza, dada. Hajafungwa. Ila kiti hakikai kitupu. Wageni wamelipa."

"Nitakaa mimi."

Mwongozaji akamtazama yeye, akamtazama Bibi. "Sawa," akasema. "Mnafanana."

Mshonaji akawaambia watoto wampeleke Bibi kituoni wakamsubiri huko. Milango ikianza kufungwa naye atatoka na watu. Bibi alisita. Lakini ilikuwa miaka mingi hajapita mtaani kwake, na Profesa alikuwa ameshamshika mkono.

Kiti kilikuwa cha baridi. Kundi la kwanza likaingia, mwongozaji akasema yale yale ya hiari, na mshonaji akamkatiza. Akasema walikuja na askari. Akasema cherehani yake ilitupwa nje ikanyeshewa siku nzima. Alisema kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aliye mbali, na mama mmoja aliyesimama karibu na kamba akamwambia mumewe, "Ona anavyochezesha mdomo, utadhani yuko hai." Mshonaji akalisukuma sinia kwa hasira, maharage yakamwagika. Wageni wakafurahi kuona kitu kimetokea. Aliendelea kusema, kundi baada ya kundi.

Yaliyotokea langoni mshonaji alisimuliwa baadaye na Profesa, ambaye hajui kufupisha. Walimnunulia Bibi aiskrimu. Walipita kwa fundi viatu, wakakuta mlangoni pake panauzwa kofia za wageni na mwenyewe kawekwa dirishani, na Bibi akauliza sasa huyu anashonea wapi. Pale langoni bawabu akawapisha bila neno. Ila Bibi alipokuwa anavuka, bawabu akawauliza watoto, hivi hivi tu, "Kwa hiyo aliyeko kitini sasa ndiye wetu?"

"Kivipi wenu?" Bosi akauliza.

"Tukifunga, anayekutwa kitini haondoki tena. Hamkuambiwa?"

Bosi alibishana naye, na kubishana anajua. Bawabu akamsikiliza mpaka mwisho, akasema yeye kazi yake ni lango. Basi Bosi akaanza kulia hapo hapo mbele za watu.

"Nyumbani nani anawapikia?" Bibi akamuuliza.

"Mama."

Bibi akampa Profesa aiskrimu amshikie, akageuka. Bosi alitangulia mbio, miguu mitupu, ili mwongozaji asifunge.

"Nyanyuka," Bibi akamwambia mshonaji.

"Mama, kitanda nimeshatandika. Nimekuwekea karibu na dirisha."

"Nyanyuka, mwanangu. Hawa watoto wana njaa."

Mshonaji akaking'ang'ania kiti. Machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyafuta.

"Mimi nitakaa," Bosi akasema.

"Wewe nyamaza!" wakasema wote wawili kwa pamoja, mama na binti.

Hapo ndipo mshonaji aliponyanyuka. Bibi akakaa, akavuta sinia, akaanza kuokota maharage yaliyomwagika, akilalamika kwamba kazi ya watu haichezewi hivyo. Mshonaji akapita chini ya kamba, akageuka amuage mama yake. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena.

"Aa," mwongozaji akasema kwa huruma. "Umekaa sana, dada. Sauti hubaki. Mwili huwa tunauruhusu."

"Mrudishie!" Bosi akamfokea.

"Mdogo wangu, sina pa kuishika. Iko humo ndani." Akatazama saa. "Naomba tutoke, tunafunga."

Wakatoka. Profesa alikuwa na aiskrimu iliyoyeyuka mpaka kwenye kiwiko. Bosi akambebea mama yake mkoba. Mwongozaji akafunga mlango, akawatakia safari njema, akaondoka.

Hawakuwa wamefika mbali waliposikia mazungumzo nyuma ya dirisha la jikoni. Mshonaji akasimama. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, inaongea na mama yake. Ilikuwa inamsimulia habari za chumba kipya, za wateja wanaotaka nguo leo leo, za Bosi na hasira zake, na Bibi alikuwa anacheka. Nje mshonaji alisikiliza huku ameziba mdomo kwa kiganja. Watoto walisimama naye, mmoja huku, mmoja huku.

"Mama," sauti ikauliza, "lini watatufungulia turudi kukaa?"

Kiti kikalia. Wakasikia kiganja cha Bibi kikipapasa ukuta, taratibu, juu na chini.

"Si walisema plasta ikikauka?" Bibi akajibu. "Bado mbichi."