Kitabu Kilichoshikana cha Papa Léonard

Haya yote ni kweli tupu, hakuna chumvi hata punje. Ndivyo alivyoapa Papa Léonard, mkono kifuani, mbele ya Deborah. Na Deborah, aliyemjua tangu wote wawili ni watoto wa wenye maduka kule Lubumbashi, alipaswa kukumbuka kwamba Léonard akianza kwa kiapo, shika mkoba wako.

"Kitabu kizima, dada. Sura kumi za sheria za Pasaka. Macho yalivimba mpaka daktari akaniuliza kama nimepigana na nyuki."

"Zote kumi?"

"Na ya kumi nilirudia. Ilikuwa tamu."

Deborah alitaka kuamini, kosa lake ni hilo tu. Mwaka mzima alikuwa akiwabembeleza watu wazima wa sinagogi lao la Durban wasome. Watu wazima! Wanasheria, wenye viwanda Pinetown, watu wanaosema dini waliimaliza walipofika miaka kumi na mitatu, umri wa kijana wa Kiyahudi kuhesabiwa mtu mzima, kana kwamba ni chanjo ya surua. Alianzisha darasa la Jumanne; wakaja wanne, na mmoja wao alifuata feni. Akachongesha ubao wenye nafasi ishirini za majina ya watakaomaliza kitabu. Nafasi zote ishirini zikabaki zinamkodolea macho. Hatimaye kamati ikamwambia bila kumung'unya: Pasaka ya 1999 ikifika bila jina hata moja, ubao utateremshwa na ukuta ule utawekwa mashine ya kupoza hewa.

Kwa hiyo Léonard alipoapa, Deborah alikimbia kwa rabi.

Desturi yao ni hii: siku ambayo jioni yake Pasaka inaingia, wazaliwa wa kwanza wa kiume hufunga, kuwakumbuka wenzao waliosalimika kule Misri. Lakini mtu akimalizia kitabu cha mafundisho mbele yao asubuhi ile, hiyo ni karamu, na aliyemsikiliza ana ruhusa ya kula. Kila mwaka rabi ndiye aliyemalizia kitabu. Mwaka huu Deborah alimwambia apumzike, atamaliza muumini wa kawaida. Rabi alifurahi mno, hata hakujiwekea kitabu cha akiba.

Jumatano asubuhi, baada ya sala, wazaliwa wa kwanza kumi na mmoja walikuwa wameketi, macho yao kwenye keki. Séverin, Mkongo asiye Myahudi anayetunza jengo, alikuwa amezipanga vizuri, kisu kando. Zilitakiwa kuliwa upesi, kwa sababu ikifika saa nne chochote chenye unga uliochachuka ni marufuku.

Léonard akasimama na kitabu chake cha Kifaransa, urithi wa baba yake. Akakohoa. Kisha, badala ya kukifungua, akakiinua na kuchungulia ndani kama mtu anayechungulia bahasha ya mshahara.

"Mbona unachungulia?" Deborah aliuliza.

"Mwanga mdogo, dada."

"Lete."

Kilikuwa kitabu cha zamani, cha aina ile ambayo kurasa hutoka kiwandani zimeshikana ukingoni na msomaji huzikata mwenyewe kwa kisu. Kurasa nane za kwanza zilikuwa zimekatwa. Zilizobaki zilikuwa kama zilivyotoka kwa mchapaji, enzi za Wabelgiji.

Séverin akainama kutazama. "Eish, Papa Léo. Hiki kitabu iko na kufuli."

"Nilisoma juani," Léonard alisema. "Unakiinua pale ufukweni, herufi zinapenya karatasi."

"Kurasa kumi na sita kwa mpigo?"

"Jua la Durban si mchezo, dada."

Daktari wa meno kutoka Queensburgh, ambaye tumbo lake lilikuwa linaunguruma, akauliza, "Sasa tunakula au hatuli?"

"Hakuna aliyemaliza," rabi alisema. "Hamli."

Wote kumi na mmoja wakamgeukia Deborah. Deborah! Mwongo amesimama palepale na tai yake mpya, na wao wanamtazama yeye! Mwenyekiti wa kamati alikuwa tayari anaupima ukuta kwa macho.

Deborah akachukua kisu cha keki, akakiweka mkononi mwa Léonard.

"Kata."

"Keki?"

"Kitabu! Kata, soma, tutafsirie, eleza. Anayetaka kuondoka aondoke na njaa yake."

Hakuondoka mtu. Léonard akakata, akasoma. Sura ya kwanza ikasema nyumba ikishakaguliwa kwa Pasaka tusihofu kwamba kicheche ameburuta mkate kutoka nyumba hadi nyumba, kwani tukihofu hivyo, jambo halitakuwa na mwisho. Daktari wa meno akapinga. Mwenye kiwanda mmoja akampinga daktari. Mwenyekiti, aliyekuja darasani siku mbili tu mwaka mzima bila kusema neno, akagonga meza akidai sura irudiwe. Saa nne ikagonga wako sura ya tatu.

"Séverin, toa keki," Deborah alisema.

"Zote, maman?"

"Zote. Ni zako." Séverin akazibeba kwenda kwake South Beach, akitembea kama bwana harusi.

Saa nane kasoro, sauti ya Léonard ikiwa imekauka kama kamba, sura ya kumi iliisha. Wakala ndizi na mayai ya kuchemsha, bado wanabishana kuhusu kicheche. Kwenye ubao Deborah aliagiza majina kumi na mawili. La Léonard aliliweka mwisho.

Léonard alikuwa amekiambia kitabu maneno ambayo kila anayemaliza hukiambia: tutarudi kwako.

"Utarudi," Deborah alisema. "Jumanne baada ya Pasaka, saa moja jioni. Kitabu kinachofuata utakifundisha wewe, mpaka mwisho."

"Dada, naapa kwa—"

"Usiape. Njoo na kisu."