Barua ya Mashine ya Saba

Naliaka alikuwa ameonywa, na hilo ndilo lililomuuma. Asubuhi ile ya Februari 2009, fundi Githinji alimpigia simu kutoka Nairobi. Programu ya kusomea nyaraka, ile iliyokuwa kwenye karibu kila kompyuta, ilikuwa na tundu. Wezi wa mtandao walishalijua na walikuwa wakilitumia, na wenye programu walisema dawa yake ingechukua wiki kadhaa. Kwa sasa azime kipengele kimoja katika kila mashine, na asifungue faili yoyote asiyoitarajia.

Cyber yake ya Kitengela, duka la intaneti, ilikuwa na mashine saba. Alikuwa amemaliza sita Mzee Katoo alipoingia kutoka Bisil.

Mzee hakujua kusoma. Kila Alhamisi alikuja kusomewa barua pepe za binti yake Nashipae, aliyekuwa akisomea uuguzi India. Tangu Desemba haikuja hata moja, na mzee alikataa katakata binti apigiwe simu. Mtoto ndiye humsalimu mzazi kwanza, alisema, na kwake neno hilo halikuwa na rufaa. Kwa hiyo alikuja, akakaa, akarudi mikono mitupu, na Naliaka alishachoka kumwambia hakuna kitu.

Alhamisi hiyo kitu kilikuwapo: jina la Nashipae, mstari mmoja wa Kiingereza, na faili. Haraka haraka haina baraka, lakini nani hukumbuka methali mbele ya mzee aliyeshaanza kutabasamu? Akaifungua palepale kaunta, kwenye mashine ya saba.

Ukatokea ukurasa mtupu, kisha programu ikajifunga yenyewe. Naliaka akachomoa waya wa mtandao. Sasa ndipo alipokumbuka kwamba Nashipae hajawahi kuandika bila kumuulizia mama na ng'ombe.

Alipompigia Githinji, fundi hakumgombeza. Alisema mashine hiyo ifutwe yote, na mwenye anwani ile aambiwe leo, tena kwa simu, kwa sababu wezi walikuwa ndani ya barua zake.

Naliaka akamgeukia mzee.

"Hiyo barua si yake, Mzee. Ni wezi wametumia jina yake."

"Kwa hivyo hajaandika."

"Hajaandika."

Naliaka aliona aibu kama aliyempa mtu chakula na kumnyang'anya. Mzee akakubali simu ipigwe, kwa sharti moja.

"Mwambie hiyo maneno ya wezi. Mimi usinitaje."

Namba ilikuwa chini ya barua ya zamani ambayo Naliaka alikuwa ameichapisha. Nashipae alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu. Tangu Krismasi akaunti yake ilikuwa ikimkataa, alisema, na namba ya cyber ilikuwa imebaki humo humo ndani. Alikuwa hana njia nyingine ya kumfikia baba yake. Je, bado huwa anakuja?

Naliaka alikuwa ameahidi. Alimtazama mzee, aliyekuwa ameegemea kaunta kabisa, shingo mbele, akijaribu kunasa ile sauti ndogo.

"Yuko hapa," Naliaka akasema. "Msalimie kwanza."

Akamwekea mzee simu sikioni. Mzee alisikiliza. Alipoitikia salamu ilibidi arudie, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.