Jiko la Donatille

Kwa miaka kumi na minane, wimbo wowote wa kwaya ya kigango pale Kasekese uliohitaji mtu wa kuuanzisha, aliuanzisha Donatille. Hakusomea muziki. Sauti alikuwa nayo tangu utotoni, na mumewe Salvator alipenda kuwaambia watu kwamba aliisikia kabla hajamwona mwenyewe.

Halafu sauti ikaanza kumpotea. Kwanza kilikuja kikohozi cha asubuhi, kikavu, kilichotulia baada ya chai. Baadaye kikawa hakitulii. Jumatano moja ya mwezi wa pili, wakiwa mazoezini, alipanda na wimbo mpaka pale juu kabisa, sauti ikakwaruza, ikakatika, naye akainama akikohoa huku ameshika benchi. Kinanda kikanyamaza.

Mwalimu wa kwaya, Nathanael, alisubiri wengine watoke.

"Mama Lidia," alisema, "mashindano ya Mpanda ni baada ya Pasaka. Naomba Emelyne aanzishe. Wewe pumzika kwanza."

"Nipumzike mpaka lini?"

Nathanael akaanza kukusanya vitabu vya nyimbo.

Zahanati walimpima makohozi, wakakuta hana kifua kikuu. Akapewa dawa ya maji, akamaliza chupa mbili. Kwenye kwaya akahamia safu ya nyuma, akawa anafungua mdomo bila kutoa sauti ili asiwaharibie wenzake. Nyumbani hakulisema sana jambo hilo, ila Salvator aliona kwamba mkewe ameacha kuimba hata akifua.

Mwezi huohuo mdogo wake Donatille, anayeishi Misunkumilo, alijifungua kwa upasuaji. Donatille akafunga vitenge vyake, akaenda kumuuguza kwa wiki mbili. Lidia, binti yao, alikuwa ameshaolewa, na mdogo wake Lidia alikuwa shule ya bweni. Salvator akabaki peke yake na tumbaku yake.

Tumbaku ndiyo iliyompa jina pale kijijini. Kila msimu aliikausha ndani ya bani, kijumba kirefu cha matofali nyuma ya nyumba, na wakulima wengine walikuja kuangalia alivyokijenga. Moto uliwaka nje, joto likapita ndani kwa bomba la bati, na moshi ukatokea juu ya paa. Jani likiguswa na moshi, limeharibika. Kuni zake zilikatwa kiangazi, zikapangwa bandani, zikakaa huko miezi mpaka zikawa nyepesi mkononi.

Siku mbili za kwanza alikula kwa jirani yake Aristide. Siku ya tatu aliona haya, akaingia jikoni mwenyewe kuchemsha maharage.

Alikuwa hajawasha moto mle tangu alipokijenga kibanda chenyewe: kuta za udongo, mlango mmoja mfupi, mafiga matatu katikati. Kuni zilikuwa zile alizookota Donatille porini, zimelowa mvua. Alipuliza, akapuliza tena. Moto ulipokubali kushika, moshi ulikuwa umeshashuka kutoka paani mpaka magotini. Alivumilia. Kabla sufuria haijaanza kuchemka alitoka nje akiyumba, macho yakitiririka, akainama uani akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, chenye kukwaruza, kisichotaka kuisha.

Alikijua kikohozi kile. Alikuwa amelala nacho kitanda kimoja mwaka mzima.

Alipoweza kusimama, mbele yake palikuwa na bani lake zuri na banda la kuni kavu. Nyuma yake jiko lilikuwa likitoa moshi mlangoni kama tanuru la matofali. Aliketi palepale kwenye matope.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti. "Majani nimeyajengea. Mke wangu nimemwacha mle."

Kesho yake asubuhi alichukua nyundo na tindo, akaanza kutoboa ukuta wa jiko. Aristide alimwona kutoka kwenye mahindi yake.

"Salvator! Mama Lidia kasafiri, na wewe unabomoa nyumba?"

"Natafuta njia ya moshi."

"Tangu lini mwanaume akahangaika na moshi wa jikoni?"

"Tangu jana," Salvator alijibu, akaendelea kugonga.

Haikuwa rahisi. Dirisha la kwanza alilitoboa upande wa upepo wa mvua, na upepo ukaurudisha moshi wote ndani. Akaliziba, akatoboa upande wa pili, juu zaidi. Kisha akayaondoa mafiga, akafinyanga jiko la udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, lenye mahali pa sufuria mbili na mdomo mmoja wa kuni. La kwanza lilipasuka. La pili alilikausha polepole, akaliunganishia kipande cha bomba kilichobaki alipojenga bani, akakipitisha juu ya paa. Alipika kila siku, hata akiwa hana njaa, ili aone moshi unakwenda wapi. Siku ya kumi aligundua kwamba amekaa mle saa nzima akimenya viazi, na macho yake makavu.

Donatille alirudi Jumamosi mchana. Hata mzigo hakuutua.

"Baba Lidia! Nani amebomoa jiko langu?"

"Ni mimi. Ingia."

"Mafiga yangu yako wapi? Nimeondoka wiki mbili tu!"

"Ingia kwanza, halafu unigombeze."

Aliingia amenuna. Salvator akachukua vijiti vitatu vyembamba kutoka kwenye kuni za tumbaku, akavisukuma kwenye mdomo wa jiko, akawasha. Donatille alirudi nyuma, akajikinga uso kwa kitenge kama alivyozoea. Akasubiri. Akashusha kitenge. Moto ulikuwa unaunguruma chini ya sufuria, na mwanga wa dirishani ulikuwa umetua juu ya mikono yake.

"Huko Misunkumilo," alisema taratibu, "wanapikia barazani. Nilikuwa nalala bila kukohoa, nikasema labda ni maji ya kule."

"Si maji," Salvator alisema. Alikuwa anaangalia chini. "Nimejenga bani ili moshi usiguse jani. Wewe nimekuacha kwenye moshi miaka yote hii. Nisamehe."

Donatille alisogea karibu. Aliweka mkono juu ya lile jiko la udongo, akapapasa alama za vidole vya mumewe.

"Udongo umeusawazisha vibaya," alisema mwishowe, na wote wawili wakacheka mpaka Donatille akakohoa.

Tangu siku hiyo Salvator alitenga fungu la kuni kavu kwa ajili ya jikoni, na hakuruhusu kijiti chenye unyevu kiingie. Donatille naye akaanza kuloweka maharage tangu usiku, moto ukawaka nusu ya muda wa zamani. Mwezi wa tatu kikohozi kilipungua. Wiki ya Pasaka kilikuwa kimebaki cha alfajiri tu, tena si kila siku.

Emelyne, aliyekuwa ameshika nafasi yake, ndiye aliyeleta habari kanisani. Alikuwa amepita kwa Donatille kuazima kinu, akasikia sauti yake ikitoka jikoni, akasimama uani mpaka wimbo ukaisha. Jioni ile alimwambia Nathanael mbele ya kwaya nzima, "Mwalimu, nyie wote mnajua wimbo huu ni wa nani. Mimi nitaimba pembeni yake."

Ukumbi wa Majengo, pale Mpanda, ulijaa siku ya mashindano. Kwaya tisa zilikuwa zimeshaimba, na watu walikuwa wanajipepea. Donatille akasogea hatua moja mbele. Nathanael akainua mkono.

Alianza chini, bila haraka. Ukumbi ukatulia. Wimbo ukapanda, ubeti wa pili ukapanda zaidi, na ulipofika pale juu kabisa Emelyne akafumba macho kwa woga. Sauti haikukwaruza. Ilikwenda juu, ikasimama huko, ikakaa, na Donatille akaona bado ana pumzi, akaiongeza. Mtu mmoja nyuma alipiga vigelegele kabla ya wakati. Wengine wakasimama kwenye viti. Salvator, aliyekuwa mlangoni kwa kukosa nafasi, alivua kofia akaishika kifuani, akalia bila kujificha.

Kasekese wakatangazwa wa kwanza. Kombe lilipita mikono ya wanakwaya wote, kila mtu akalibusu.

Nje, mwimbaji wa kwaya nyingine alimshika Donatille mkono. "Dada, niambie ukweli, unakunywa dawa gani?"

"Unapikia wapi?" Donatille alimuuliza, na wakasimama pale wakiongea mpaka dereva wa fuso, lori lililowaleta, akapiga honi mara tatu.

Walirudi wakiimba njia nzima. Walipofika, Donatille hakukubali mtu aondoke bila chai. Wanakwaya kumi na wawili wakabanana naye jikoni, kombe likawekwa dirishani, moto ukawashwa, na birika kubwa likachemka wakiwa bado wanabishana ni nani aliyepiga vile vigelegele.