Udongo Mwekundu wa Athumani

Asubuhi ile niliamka na akili zangu timamu. Nakumbuka vizuri, kwa sababu zilinitoka mara tu nilipoingia uani mwa boma la Wajerumani.

Magari ya ng'ombe yalikuwa yamepangwa yakisubiri safari ya Moshi, na magurudumu yake yalikuwa mekundu. Yote! Niliyazunguka mara tatu nikifikicha macho. Jana yake alasiri, katika magurudumu ishirini na manne ya magari sita, mimi nilikuwa nimepaka wekundu moja tu. Moja, kwa mkono wangu huu. Sasa yote yalinitazama mekundu pyu!

Nieleze kidogo. Mimi, Athumani, ndiye niliyekuwa mkaguzi wa magari yaliyochukua mizigo kutoka Arusha kupeleka kwenye treni. Nilikuwa na nyundo ndogo. Nagonga gurudumu, nategea sikio. Lililo zima linajibu kwa sauti safi, lenye ufa linanung'unika. Kazi hiyo nilijifunza relini Tanga, na bila kujisifu, sijaona mwenye sikio kama langu. Nikilikuta bovu, nalipaka udongo mwekundu uliokorogwa na maji. Zuri silipaki kitu. Dereva akiona wekundu, kazi yake ni kulivua gurudumu na kulipeleka kwa Thomasi, fundi wetu wa magari, kabla ya kusafiri. Mimi sikuandika wala sikusema na mtu. Kule relini bendera nyekundu ikiinuliwa, hata treni yenye Mzungu ndani inasimama. Ya nini basi kumfundisha mtu mzima maana ya nyekundu?

Madereva wa kwanza walikuwa watu wa pwani kama mimi, na walinielewa. Walipomaliza mikataba yao wakarudi kwao, Waarusha wakashika mijeledi. Tangu hapo Thomasi alishinda akipiga miayo kwenye karakana yake. Niliwahesabu Waarusha kuwa wakaidi, basi. Mkaidi kuliko wote alikuwa Simel. Mwaka uliotangulia nilimpakia gurudumu lake, na jioni ile ile akanijia nyumbani na kibuyu cha asali, anacheka meno yote nje. Hongo! Nilikipiga teke kile kibuyu kikapasukia kizingitini, nikamfukuza na matusi juu. Siku ya pili gari lilimpindukia pale Maji ya Chai, akafa. Nilisikitika, lakini nilisikitika kwa hasira. Si nilikwisha mwonya?

Basi asubuhi ile nilisimama uani kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Gurudumu nililolikataa lilikuwa na ufa ndani ya kitovu, ufa usioonekana kwa macho. Ni la gari lipi? Sikujua! Nilipaka gurudumu, sikutazama gari, na madereva walikuwa malishoni na ng'ombe wao. Baada ya mimi kuondoka, askari waliyasukuma magari huku na huko ili wapate nafasi ya gwaride. Na mke wangu Zamda alikuwa asafiri na msafara huo kwenda Moshi kumwona binti yetu Tunu, aliyekuwa amejifungua. Alitoka nyumbani alfajiri na furushi lake. Ufa ule ukifunguka mteremkoni, Zamda angekuwa chini ya magunia.

Nikachomoa nyundo. Ngo. La pili, ngo. La tatu, ngo. Yote yalitoa sauti moja ya kijinga, nzito, kama ninagonga mto wa sufi. Nikahama gari, nikahama upande, nikarudia la kwanza. Kila nililoligonga niliapa kuwa ndilo, kisha nikaapa kuwa silo. Jasho likanitiririka kwenye baridi ile ya Meru.

"Unagonga nini tena? Kazi imekwisha," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa Resiato, mama mtu mzima wa Kiarusha aliyekuwa akiuza maziwa langoni. Mwanawe Lemburis alikuwa mmoja wa madereva. Viganja vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye vifundo.

"Yeyo, takwenya," nikamwamkia kwa lugha yake, maana adabu haikuwa imenitoka bado.

"Iko," akaitikia.

"Nani amepaka haya magurudumu?"

"Mimi," akajibu kwa furaha. "Nimekusaidia."

"Umenisaidia nini, mama yangu?"

"Jana nilikuona umebariki moja tu. Nikasema, huyu mzee amechoka, au udongo umemwishia. Mengine yamebaki matupu, na watoto wa watu wanasafiri! Nikakoroga wangu na mafuta ya kondoo, nikakumalizia."

Nilitaka kucheka. Nilitaka kumfokea. Umebariki? Mimi? Nilimtazama, kisha nikatazama mafuta yaliyokuwa yamejazwa kila tundu la magurudumu yale, nikaelewa kwa nini nyundo yangu ilikuwa imekuwa bubu. Hilo tu ndilo nililolielewa.

"Yeyo, nisikilize. Lile nililopaka mimi, umelipaka tena?"

Akachukia kidogo. "Baraka ya mtu nitaifunikaje? Lako sikuligusa."

Basi lilikuwa kavu! Nikatupa nyundo, nikaanza kupapasa kwa vidole. Mafuta. Mafuta. Mafuta. Gari baada ya gari, vidole vinateleza. Nilipofika gurudumu la mwisho nalo likateleza, ndipo nilipofanya jambo ambalo mtoto mdogo angelifanya kwanza. Nilihesabu magari. Yalikuwa matano.

"La sita liko wapi?"

"La Lemburis? Limetoka mapema, ndilo limechukua wanawake. Niliwaambia pandeni lile, ndilo mzee mwenyewe alilolichagua. Mkeo nimempandisha kwa mkono wangu huu."

Sikumbuki nilivyotoka langoni. Nakumbuka askari wa zamu akiniita, na kanzu yangu nimeishika kiunoni kama mwanamke anayevuka mto. Mtu wa miaka hamsini na tano, mbio barabarani! Nikawa nasema peke yangu: baraka, baraka gani, nyekundu ni nyekundu dunia nzima. Halafu nikawaona Waarusha wawili wakielekea sherehe, vichwa na mabega yamepakwa udongo ule ule na mafuta, wanang'aa, wazuri. Nimeishi kati yao miaka minne nikiwaona hivyo kila siku ya Mungu. Nikapunguza mbio kidogo, halafu nikaziongeza.

Niliwakuta juu ya mteremko wa Nduruma. Lemburis alikuwa mbele ya ng'ombe, ameshika kamba, yuko tayari kuanza kushuka.

"Simama! Lemburis, simama!"

"Shikamoo, mzee," akasema, akishangaa.

Sikuitika. Nilikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, pekee lisilong'aa mafuta, nikalipitisha kidole. Udongo ulidondoka vumbi kavu.

"Hili ni bovu. Washushe watu."

"Bovu? Si ndilo ulilolibariki?"

"Washushe!"

Lemburis akalipiga teke, likakaa imara. Akanitazama kwa heshima, lakini kwa jinsi unavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Nyundo nilikuwa nimeiacha uani. Pumzi zilikuwa zinapiga kelele masikioni hata ningekuwa nayo nisingesikia kitu. Kwa mara ya kwanza sikuwa na hakika. Je, jana nilisikia kweli?

Zamda alichungulia kati ya mafurushi. "Baba Tunu, limefanya nini?"

"Lina ufa ndani. Nadhani."

"Unadhani, au umesikia?"

"Nilisikia. Jana."

Akatupa furushi chini, akashuka. "Miaka ishirini na mitatu unanichosha na hilo sikio lako. Leo ndiyo nilikatae?" Wanawake wengine wakamfuata. Lemburis akapakua magunia, kwa adabu tu, naona, si kwa kuamini, kisha akawaongoza ng'ombe kushuka na gari tupu.

Katikati ya mteremko kitovu kilipasuka. Gari lililala ubavu, likaserereka, likapinduka miguu juu. Lemburis alijirusha majanini. Ng'ombe wawili wa nyuma walivutwa na nira mpaka wakapiga magoti, lakini wakainuka. Pale walipokuwa wamekaa wanawake palikuwa pamebonyea mpaka chini.

Zamda alinishika mkono akaubana.

Lemburis akapanda kwetu akijifuta damu ya kiwiko. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafikiri, na mimi nilianza kuogopa anachokifikiri.

"Mzee, ulijua tangu jana?"

"Nilijua."

"Ndiyo maana ulipaka? Kwamba ni bovu?"

"Ndiyo."

"Kila ulilolipaka lilikuwa bovu?"

"Kila moja."

Akageuka kulitazama gari lililopinduka. Kisha akasema taratibu, "Simel alipita nyumba kwa nyumba siku ile akituita tukalione gurudumu lake. Tulimwonea wivu. Alisema mzee wa boma amempenda kuliko sisi wote. Akaenda kuchukua asali ya mama yake, akuletee shukrani."

Nikakaa chini kando ya barabara. Zamda akainama, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, halafu nikamwambia ndiyo.